Kupima uchakavu wa diski bandia ya mgongo

Vijana wa Tabora wanaosomea ufundi wa vifaa tiba huniuliza kule maabara nilikuwa napima nini hasa. Nilikuwa napima plastiki inayosagika.

Diski bandia ya kiuno, inayowekwa kati ya pingili za mgongo, mara nyingi ni sahani mbili za metali na katikati kiini cha plastiki iitwayo polietilini. Mojawapo ya za mwanzo, Charité, ilibuniwa Berlin na Karin Büttner-Janz na Kurt Schellnack, ikaanza kuwekwa wagonjwa mwaka 1984. (Karin huyo ndiye aliyechukua dhahabu mbili za jimnastiki kwenye Olimpiki ya Munich, 1972.) Kiini kikisagika, chembe zake huamsha seli za kinga, na uvimbe unaofuata huweza kula mfupa mpaka diski ilegee. Mbeba mizigo wa stesheni yetu anayeinama na gunia hastahili kuwa wa kwanza kuijaribu.

Anza kwa kuloweka viini kwenye kioevu mpaka uzito utulie. Kisha viweke kwenye mashine inayoiga miondoko ya mgongo, uipange kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 18192-1: mzigo unaopanda na kushuka kati ya niutoni 600 na 2000, kuinama mbele nyuzi 6, kurudi nyuma 3, kulala upande 2 na kujizungusha 2 kila upande. Kioevu ni seramu ya ndama (majimaji ya damu yasiyo na seli) iliyozimuliwa, nyuzi joto 37. Mzunguko mmoja kwa sekunde, mizunguko milioni 10. Hiyo ni karibu siku 116 bila kusimama.

Miondoko hiyo isiende pamoja. Ipishane, ili kila nukta ya plastiki ipite njia ya duara. Ukisugua kwa kwenda na kurudi tu, molekuli za polietilini hujipanga kufuata mwelekeo huo na kusagika kidogo mno, nawe utasifu diski mbovu.

Kazi yenyewe iko kwenye mizani. Toa kiini kwa koleo, usikiguse kwa kidole. Kioshe, kikaushe kwa njia ileile na muda uleule kila mara, kisha kipime, kitoe, kirudishe, mpaka namba zikubaliane. Mimi hapa Tabora nikifundisha upimaji, feni nazima hata Oktoba joto likiwa limepamba moto, na dirisha nafunga kwa ajili ya vumbi. Wanafunzi hulalamika. Upepo mdogo tu unatosha kuyumbisha miligramu.

Sasa angalia hapa. Plastiki hunywa kioevu kama mtungi mpya wa udongo, kwa hiyo inasagika huku inaongezeka uzito. Lazima uwe na kiini kingine, kwenye seramu ileile, chini ya mzigo uleule, lakini kisichosogezwa. Kikiongezeka miligramu 1.5, na kile kilichosuguliwa kikapungua 4, uchakavu ni 5.5. Si 4. Gawanya kwa takriban 0.94 upate milimita za ujazo, karibu 5.9.

Seramu huoza, ibadilishe kila mizunguko nusu milioni, lakini ya zamani usimwage, kwa sababu chembe zimo humo na zitahitajika kupimwa ukubwa.

Mtu akikuletea ripoti, kabla ya kutazama grafu tafuta namba ya kiini kisichosogezwa. Kama haimo, mrudishie akailete.