Somo: Kuchota machapisho ya Bluesky papo kwa papo na kuchuja ya Likoni

Somo hili ni la anayetaka skripti yake ione chapisho sekunde lilipotoka: foleni ya feri Likoni, barabara iliyojaa maji Kisauni, stima kupotea Changamwe, zote za Mombasa. Tunaanza na mtandao wa kijamii wa Bluesky kwa sababu mkondo wake, yaani machapisho yakimiminika mfululizo, uko wazi. Hakuna tokeni (ufunguo wa kuruhusiwa kuingia) wala kadi ya benki. X (zamani Twitter) iliwafungia watengenezaji programu mlango wa bure mwaka 2023, kwa hiyo kujifunzia huko ni hasara.

1. Uwe na Python 3.10 au mpya zaidi, kisha `pip install websockets`.

2. Mkondo kamili wa Bluesky huja kwa CBOR (muundo wa data usiosomeka kwa macho) pamoja na saini za kuthibitisha kila rekodi. Ni mzito kwa kazi hii. Tumia Jetstream, inayotoa JSON ya kawaida (data kwa maandishi yanayosomeka) bila saini:

`wss://jetstream2.us-east.bsky.network/subscribe?wantedCollections=app.bsky.feed.post`

Hiyo `wantedCollections` usiiache. Bila hiyo utamiminiwa laiki (likes) na fuatano (follows) za dunia nzima, na bando la simu litakwisha hujaona Likoni hata moja.

3. Kiini cha skripti, ANWANI ikiwa ni hiyo ya juu:

```
async def sikiliza():
    async with websockets.connect(ANWANI) as mkondo:
        async for ujumbe in mkondo:
            tukio = json.loads(ujumbe)
            if tukio["kind"] != "commit":
                continue
            badiliko = tukio["commit"]
            if badiliko["operation"] != "create":
                continue
            maandishi = badiliko["record"]["text"]
            if CHUJIO.search(maandishi):
                print(tukio["time_us"], maandishi)
```

4. Chujio ndilo linalowashinda wengi. Jetstream haichuji kwa lugha wala kwa neno. Kazi hiyo ni yako. Rekodi huwa na `langs` (alama ya lugha), lakini usiitegemee peke yake: watu wengi huandika Kiswahili huku programu yao imewekwa Kiingereza, na chapisho hutoka na alama ya `en`. Tafuta maneno yenyewe. Ukitafuta "feri" kwa `in` tu, utaletewa kila *offering* na *suffering* ya Marekani, kwa sababu herufi hizo nne zimo ndani yake. Weka mipaka ya neno, na ukumbuke kiambishi cha mahali, -ni:

`CHUJIO = re.compile(r"\b(feri(ni)?|likoni|mtongwe)\b", re.I)`

"Ferry" ya Kiingereza nimeiacha makusudi. Ukiitia, utapata feri za kila bandari duniani. Ikiwa lazima, idai iandamane na Likoni au Mombasa.

5. Mkondo utakatika, hilo usiwe na shaka nalo. Hifadhi `time_us` (wakati) ya tukio la mwisho kwenye faili, na ukirudi ongeza mwishoni mwa ANWANI `&cursor=` (alama ya ulipoishia) na namba hiyo, ukiwa umepunguza 5,000,000, yaani sekunde tano. Utapata marudio machache. Yatupe kwa kulinganisha `did` (kitambulisho cha mtumaji) pamoja na `rkey` (kitambulisho cha rekodi). Kati ya jaribio na jaribio ngoja sekunde 1, 2, 4, hadi 60. Usigonge seva mfululizo.

Cursor ni maikrosekunde, tarakimu 16. Ukiweka milisekunde, tarakimu 13, seva itasoma tarehe ya Januari 1970 na kukurudisha nyuma kadiri ya akiba yake.

Maswali ya wanachama

Maalim, laini ya `kind` niliiona haina kazi nikaifuta. Sasa yakimbia kidogo kisha yafa na KeyError: 'commit'.
Irudishe. Matukio ya `identity` na `account` hutumwa kwa kila msikilizaji hata ukiomba machapisho tu, nayo hayana `commit`. Laini ya `operation` nayo usiiguse: chapisho likifutwa, tukio huja bila `record`.

Yangu husimama kimya, haioneshi kosa lolote.
Seva ikifunga muunganisho kwa adabu, `async for` humalizika kama kawaida na skripti hutoka. Zungushia `while True`. Pia angalia kama unaandika kwenye jedwali la mtandaoni kila chapisho likiingia. Msikilizaji mzito hukatwa. Weka foleni ya `asyncio.Queue`, uandikaji ufanyike pembeni.

Kazini tunalipia X. Somo lafaa?
Wazo ni lile, ila kule chujio hukaa kwao: tuma kanuni kwa `/2/tweets/search/stream/rules`, kisha fungua `/2/tweets/search/stream`. Kila sekunde 20 hivi huja laini tupu ya kuonesha mkondo uko hai. Iruke kabla ya `json.loads`. Kimya kikizidi hapo, unganisha upya.

Naweza kuyahifadhi yote?
Hifadhi unachohitaji tu. Chapisho la wazi bado ni taarifa ya mtu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Sikiliza matukio ya `delete`, ukiyashika kabla ya laini ya `operation` inayoyaruka, na ufute kwako pia.

Saa hazilingani na yangu.
Zote ni UTC (saa ya kimataifa). Ongeza saa 3: 04:00Z ni saa moja asubuhi Mombasa. Panga kwa `time_us`; `createdAt` huandikwa na programu ya mtumaji, na simu yenye saa mbovu hutuma chapisho la kesho.