Kwenda Nungwi na Kendwa wawili, begi mgongoni, msimu wa watu

Kabla hamjakata tiketi ya boti, tazameni kalenda ya mwezi mwandamo. Mwezi hupevuka tarehe 14 au 15, na Kendwa hufanya sherehe yao kubwa ya ufukweni Jumamosi iliyo karibu na siku hizo. Watu hutoka Mjini, hutoka Paje upande wa mashariki, wengine huvuka kutoka Dar mchana huo huo, na ncha yote ya kaskazini ya Unguja hufurika. Chumba hupanda bei, teksi hupanda bei. Kama mmefuata muziki, siku ndiyo hiyo. Kama mnataka kuogelea na kulala usingizi wa maana, nendeni mwezi ukiwa tarehe 7 au 8, au 21 na kuendelea, na mtaipata bahari ile ile na nusu ya kelele. Julai na Agosti, na kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, watu ni wengi hata mwezi ukiwa mchanga.

Mimi ni mtu wa Kilosa, bahari nimeijua ukubwani, kwa hiyo nitalieleza hili polepole kwa ajili ya wenzangu wa bara. Mwezi unaoleta sherehe ndio huo huo unaoleta bamvua. Mwezi mpevu, na tena mwezi unapoandama, maji hukupwa mbali sana na hujaa juu sana. Tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita nne hivi. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haisogei sana. Na huku Unguja bamvua lina saa zake: maji hukauka kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku, kisha hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Shikeni saa hizo kuliko ratiba yoyote ya muziki.

Sisi tulifundishwa na bi mkubwa mmoja wa Nungwi. Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeilipa nusu ya pesa mapema ilikuwa imetoa chumba chetu kwa wengine waliofika mapema wakalipa zaidi. Usiku ule kila tulikobisha hodi kumejaa. Mume wangu akasema basi, tujilaze mchangani kando ya ngalawa, kutakucha. Mchanga mkavu, bahari iko kule mbali, mbalamwezi kama mchana. Bi mkubwa alikuwa anafunga biashara yake ya pweza, akapita na beseni kichwani, akasimama.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, wanangu. Hapo hapalaliki. Leo bamvua.”

“Bibi, bahari si ile kule?”

Hakubishana. Alisogea hatua kama nne nyuma ya vichwa vyetu, akagusa kwa kidole cha mguu utepe wa mwani mkavu uliochanganyika na vijiti na vipande vya makoa. “Mwisho wake jana ulikuwa hapa,” akasema. “Saa kumi anarudi.” Akatupeleka kwenye baraza ya nyumba yao, tukalala juu ya mkeka. Alfajiri tulishuka kuangalia: tulipokuwa tumelaza mabegi palikuwa na maji ya magotini, na vijana wawili walikuwa wanakimbiza viatu vyao vinavyoelea.

Kwa hiyo utafuteni utepe huo wa mwani kila mnapoweka mzigo chini, iwe kuogelea, iwe kucheza, iwe kupumzika tu. Juu yake ni salama, chini yake ni kwa muda.

Njia ya ufukweni kati ya Nungwi na Kendwa nayo inafuata sheria hiyo. Maji yakiwa yamekupwa mtatembea kwa raha chini ya miamba, chini ya saa moja mmefika. Yakijaa, sehemu nyingine hazipitiki, mawimbi yanapiga mwamba. Sasa pigeni hesabu ya usiku wa sherehe: mnakwenda saa tatu au nne, njia nyeupe, mnataka kurudi saa kumi, njia imekwisha. Isitoshe usiku pana giza kwenye kona na watu hupokonywa simu. Nendeni mchana kwa miguu mkitaka, lakini kurudi usiku ni kwa gari, na bei mpatane kabla hamjapanda. Patana na dereva tangu mchana, chukua namba yake, mwambie saa.

Cha pili ni chumba. Mwiteni mwenye nyumba kwa simu, si kwa ujumbe peke yake. Muulizeni bei ni ya chumba au ya mtu, kifungua kinywa kimo au hakimo, maji ya bomba ni matamu au ya chumvichumvi, na disko liko umbali gani. Akitaka malipo ya awali, pesa ipite kwenye simu yenye jina lake, na siku moja kabla ya safari mpigieni tena. Bandarini mtapokewa na mapapasi, vijana wanaotafutia wageni vyumba na teksi. Si watu wabaya wote, wengine wametusaidia sana, ila kamisheni yao huingia kwenye bei ya chumba chenu. “Ahsante kaka, tumeshapata,” ukisema kwa upole huku unatembea, inatosha.

Wanandoa wa Kitanzania, bebeni cheti cha ndoa, au angalau picha yake kwenye simu. Nyumba kadhaa za wageni Zanzibar hukiuliza, nasi tulikiulizwa na mama wa mapokezi huku nyuma yetu wageni wawili wa Ulaya wanapewa ufunguo bila swali. Iliniuma, na bado naona si haki, lakini saa tatu usiku na begi mgongoni si wakati wa kubishana. Vitambulisho pia, maana hata boti mtaviulizwa.

Begi moja dogo kwa kila mtu. Kutoka Mjini hadi Nungwi gari ni namba 116, ni saa moja na nusu au mbili, na mtakaa mmebanana. Begi kubwa litakwenda juu ya keria na mvua ikinyesha ni juu yenu. Simu, pesa na vyeti tieni kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Mifuko ya rambo msibebe, Zanzibar iliipiga marufuku kabla hata ya bara. Halafu kanga doti moja. Kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, na ndiyo ya kujifunga mnapotoka ufukweni kuingia kijijini. Hili naliomba kwa dhati: Nungwi ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, watu wana misikiti na watoto wao. Nguo ya kuogelea mwisho wake mchangani. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana.

Majini vaeni viatu vya mpira, hasa maji yakikupwa na mkitembea kwenye mawe. Mume wangu alikanyaga mdudu mweusi wa miiba mirefu, miiba ikakatikia kwenye kisigino. Wavuvi walimkataza kuichokoa kwa sindano, wakampaka utomvu wa papai bichi, na kesho yake maumivu yalikuwa yamepungua. Mguu ukivimba au ukipata homa, Hospitali ya Kivunge iko kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Mjini.

Kwenye umati gawaneni pesa, kila mmoja na yake, na chagueni mahali pa kukutana mapema: mlango fulani, mti fulani, na saa. Simu huzima, na kwa muziki ule husikii mlio wa simu. Sisi tulipotezana Kendwa, tukakutana chini ya mnazi tuliokuwa tumekubaliana, bila ugomvi.

Siku ya kuondoka pandeni gari ya asubuhi mapema, muache nafasi ya saa mbili kabla ya boti. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, bahari ya mkondo kati ya Unguja na Dar huchafuka. Kuleni kitu kikavu, kaeni katikati ya boti karibu na nyuma, na tangawizi mbichi ya kutafuna mtaipata sokoni kabla hamjashuka bandarini.