Kulisha ng'ombe chini ya minazi bila kuua miti michanga: tunavyofanya Tanga

Hapa Tanga kulisha ng'ombe chini ya minazi ni jambo la siku zote. Kazi ngumu inaanza ukishapanda miti ya malisho katikati ya minazi hiyo. Ninasimamia malisho kwenye shamba la utafiti upande wa Muheza, na nimeshapoteza miche mingi kwa sababu ya haraka.

Hatua ya 1: Gawa vitalu. Tuna vitalu 8 vya ekari moja moja, na mistari ya minazi ndiyo mipaka. Ng'ombe wakikaa siku 4 kila kitalu, kinapumzika siku 28. Kiangazi majani hukua polepole, kwa hiyo hesabu hiyo haitoshi. Punguza mifugo au ongeza majani ya kukata.

Hatua ya 2: Panda uzio hai, yaani ua wa miti inayoota. Kata matawi ya glirisidia, mti wa malisho, yaliyokomaa, yenye gamba la kahawia, unene wa kifundo cha mkono, urefu mita moja na nusu. Juu kata mshazari ili maji yasituame. Fukia sentimita 30 na ushindilie udongo kwa mguu. Panda masika inapoanza, Machi. Ukipanda vuli na mvua zikikatika mapema, jua la Januari na Februari linayakausha kabla hayajashika mizizi.

Lukina, mti mwingine wa malisho, tunaotesha kwa mbegu. Chemsha maji, yaepue, tumbukiza mbegu ziloweke hadi asubuhi. Ng'ombe wasiingie mpaka miche ipite kimo cha kifua. Usiku mmoja lango letu lilifungwa kwa kamba ya mkonge iliyolegea, mitamba sita wakaingia. Asubuhi tulikuta mashina yamechunwa gamba, meupe, bado yana mate. Iliyokuwa mikubwa ilichipua, ile ya magotini haikurudi. Tangu siku hiyo ninafunga lango mwenyewe, na kamba ninaivuta mara mbili.

Hatua ya 3: Pima majani kabla ya kuingiza ng'ombe. Usikadirie kwa macho, kwani kijani kibichi hudanganya. Tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50, itupe sehemu kumi bila kuchagua, kata majani yaliyomo na uyapime. Tuseme wastani ni gramu 300: hiyo ni kilo 1.2 kwa mita ya mraba, karibu kilo 4,800 kwa ekari. Acha nusu isimame. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 30 za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo ekari hiyo inalisha ng'ombe 20 kwa siku 4.

Hatua ya 4: Watoe kwa wakati. Panikamu, nyasi ya malisho, ikibaki kimo cha katikati ya muundi, hamisha, hata kama siku ya nne haijafika. Ikiliwa zaidi ya hapo, shina linachipua kwa akiba ya mizizi, na mizizi ikichoka nafasi yake inachukuliwa na magugu.

Hatua ya 5: Lisha majani ya miti kwa kiasi. Lukina isizidi theluthi ya chakula, maana ina mimosini, sumu ya asili iliyomo kwenye majani yake. Ikizidi, manyoya hupukutika na hamu ya kula hupungua. Glirisidia, ng'ombe wengi huikataa kwa harufu yake. Inyaushe nusu siku kivulini, changanya na pumba, watazoea.

Josho usiliache. Siku 28 za kupumzisha kitalu haziui kupe. Anaweza kukaa miezi bila kula, na ndigana kali, ugonjwa anaoueneza, bado inaua ndama wetu.

Hatua ya 6: Andika. Tarehe, kitalu, idadi ya ng'ombe, mvua, uzito wa majani wakiingia na wakitoka. Kwenye kila kitalu weka kizimba cha waya cha mita moja kwa moja wasikofika. Tofauti ya majani ya ndani na ya nje ndiyo waliyokula. Kihamishe kila mzunguko, la sivyo majani ya ndani yanakomaa na vipimo vyako vinapotoka.