AC ya kwenye paa imegoma? Pima kwanza kabla hujasema kompresa imekufa

Mafundi wenzangu, hizi AC kubwa za boksi moja zinazokaa juu ya paa za supamaketi na maofisi hapa Dar zikigoma tu utasikia "kompresa imekufa", mteja anatajiwa bei anashika kichwa, kumbe ni fyuzi ya 24V. Mimi naenda hivi.

Hatua ya 1: umeme mkubwa. Pale kwenye aisoleta (swichi kuu ya kukata umeme wa mashine) pima fezi kwa fezi, zote tatu zicheze kwenye 400V, na kila moja kwa nyutro 230V hivi. Fyuzi usiiamini kwa macho, na hata volti inaweza kukudanganya maana fezi iliyokatika inaweza kusoma kwa umeme unaorudi kupitia mota, so zima, ichomoe, pima kontinuiti (kama njia ya umeme haijakatika). Kama juzi kuna mtu kagusa panel au genereta na sasa kompresa ya skroli (inayosukuma gesi ikizunguka upande mmoja tu) inapiga kelele haipoozi, fezi zimegeuzwa, badilisha mbili tu.

Hatua ya 2: transfoma ya kontroli. Inaingia 230 au 400, inatoka 24. Ikiingia isitoke, cheki fyuzi yake ndogo, na ukiweka mpya ikaungua hapo hapo usiweke kubwa zaidi jamani, utachoma transfoma, kuna shoti kwenye waya wa termostati au koili, chomoa moja moja mpaka uipate.

Hatua ya 3: fuatilia hiyo 24V. Hapa ndo kazi ilipo. Probu moja ya mita iache kwenye komoni ya transfoma (waya wa kurudia wa ile 24V), nyingine tembea nayo: waya unaoenda termostati, unaorudi, swichi ya presha ndogo, ya presha kubwa, mpaka koili ya kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili kuwasha kompresa). Ukikuta 24 upande wa kuingia wa swichi na sifuri upande wa kutoka, hiyo ndo imefungua. Ikiwa ni ya presha kubwa usiibaipasi ukaondoka, swichi haina kosa, nenda kaangalie kondensa imejaa vumbi au feni yake haizunguki. Ya presha ndogo mara nyingi ni gesi imevuja.

Hatua ya 4: kontakta. Koili ina 24 lakini haivuti? Zima, chomoa waya, pima omu, ikisoma OL (mita haioni njia) imekata. Ikivuta, pima volti kati ya kuingia na kutoka kwa fezi ile ile mashine ikiwa inafanya kazi, inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ukipata volti kadhaa basi vidole vya kontakta (sehemu zinazogusana) vimeungua, na kwa majengo ya karibu na bahari chumvi inavila haraka sana, halafu kuna sisimizi wanaobanwa mle katikati hadi fezi moja haigusi. Hiyo ndo inaua kompresa nyingi, inabaki inavuta kwa fezi mbili inachemka.

Hatua ya 5: kompresa, mwisho kabisa. Zima, piga kufuli aisoleta, hakikisha na mita hakuna umeme, toa waya. Pima jozi zote tatu, omu zilingane, na kila moja kwa bodi ya kompresa isisome kitu, ukiwa na mega (mita ya kupima insulesheni) ndo vizuri zaidi. Jozi zikisoma OL na kompresa ni ya moto huwezi kuishika, usiihukumu, protekta ya ndani imefungua na inaweza kuchukua masaa kurudi, imwagie maji (terminali zifunike vizuri), kanywe chai kwanza halafu upime tena.