Paipu ya mabati isiingie kwenye tanuri la uhunzi

Wengi tunaojifunza uhunzi nyumbani huanza na rimu kuukuu ya gari, udongo wa mfinyanzi na kipande cha paipu ya maji cha kupitishia upepo. Hiyo paipu ndiyo ya kuangalia. Ikiwa ni ya mabati, imepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi. Makaa yakipulizwa vizuri hupita hapo bila taabu. Ukiona moshi mweupe, na unga kama chokaa unaganda kwenye chuma, weka nyundo chini uende kwenye hewa safi.

Ubaya wake hauji papo hapo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, unatetemeka kwa baridi, homa inapanda, viungo vinauma, na kwa huku kwetu kila mtu atasema ni malaria. Ukienda zahanati, sema ulikuwa unachoma nini.

Tumia paipu nyeusi, isiyopakwa kitu. Chuma cha kufua chukua nondo au springi ya gari. Boliti zinazong'aa ziache, maana mara nyingi nazo zimepakwa zinki. Tanuri langu mimi liko nje, chini ya paa lisilo na kuta.