Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Kalkulasi ya Mwaka wa Kwanza

Wanafunzi wengi wanaoshindwa mtihani wa kalkulasi wanazijua kanuni. Katika kufundisha na kusahihisha somo hili nimewaona wengi wanaoweza kuitaja kanuni ya mnyororo (ya kutafuta kasi ya kubadilika kwa funksheni iliyo ndani ya funksheni nyingine) neno kwa neno, lakini wakipewa swali hubaki wakilitazama tu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni swali la kanuni hiyo. Kitabu cha kiada humwonyesha msomaji njia mapema, maana mazoezi ya mwisho wa sura hutatuliwa kwa kanuni iliyofundishwa katika sura hiyo hiyo. Mtihani hauonyeshi chochote. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yanalenga kumzoesha mwanafunzi kulitambua swali na kulianza bila kushikwa mkono, na ni vyema yaanze wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya kwanza: Kagua aljebra yako kabla ya kugusa kalkulasi

Andika kwenye karatasi moja mada zote zilizomo katika mtihani kama zilivyotajwa na mhadhiri wako, kisha uiweke kando kwa siku mbili na urudi kwenye misingi. Ushauri huu huwakera wanafunzi, nami siachi kuutoa, kwa sababu sehemu kubwa ya alama zinazopotea katika karatasi ninazosahihisha hupotea kwenye aljebra. Chukua swali la kawaida kabisa: tafuta derivativu ya 1/x, yaani kasi ya kubadilika kwake, kwa kutumia fasili, ambamo h ni badiliko dogo la x. Unaanza na [1/(x+h) − 1/x] / h. Ukizileta sehemu mbili za juu kwenye asili moja unapata −h / [x(x+h)], na ukigawanya kwa h inabaki −1 / [x(x+h)]. Hapo ndipo unapoiacha h ielekee 0 na kupata −1/x². Kalkulasi yenyewe imeingia kwenye mstari wa mwisho tu. Mistari yote iliyotangulia ni hesabu ya sehemu ya shule ya sekondari, na huko ndiko alama ya kutoa husahauliwa.

Jipime katika mambo yafuatayo bila kufungua kitabu: kutafuta vigawo, kurahisisha sehemu, sheria za vipeo na za logi, na thamani za sin na cos kwa pembe za 0, π/6, π/4, π/3 na π/2. Kama unaruhusiwa kutumia kikokotoo, hakikisha kimewekwa kwenye radiani, kwa sababu kauli kwamba derivativu ya sin x ni cos x ni kweli pale tu pembe inapopimwa kwa radiani.

Hatua ya pili: Jifunze kila kanuni pamoja na sharti lake

Kanuni bila sharti lake ni hatari. Mfano mzuri ni kanuni ya L'Hôpital, ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu ni nyepesi: unatafuta derivativu ya juu na ya chini, kisha unatafuta kikomo, yaani thamani inayokaribiwa. Jaribu kuitumia kwa (x+1)/(x+2) pale x inapoelekea 0. Ukiifuata kama mashine utapata 1, ilhali ukiweka 0 moja kwa moja utaona kwamba jibu ni 1/2. Kanuni hiyo inahitaji umbo la 0/0 au la ∞/∞ (kisicho na mwisho juu ya kisicho na mwisho), na hapa hakuna lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo, unapoandika kanuni kwenye daftari lako, andika chini yake inaruhusiwa lini, na uongeze mfano mmoja ambao haikubaliki. Fanya hivyo hasa kwa nadharia ya thamani ya wastani, inayodai funksheni iwe endelevu kwenye kipindi kizima pamoja na ncha zake na iwe na derivativu kila mahali ndani yake.

Hatua ya tatu: Changanya maswali, kisha taja njia kabla ya kukokotoa

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kusanya maswali thelathini au arobaini kutoka sura mbalimbali na mitihani iliyopita, yaandike kila moja kwenye kikaratasi chake bila kutaja sura, kisha uyachanganye. Chukua kimoja, na kabla ya kukokotoa chochote sema kwa sauti au andika sentensi moja: nitatumia njia hii kwa sababu hii.

Tazama integrali tatu (kutafuta integrali ni kinyume cha kutafuta derivativu): ya x cos(x²), ya x cos x, na ya cos²x. Zinafanana usoni, lakini kila moja ina njia yake. Katika ya kwanza, x iliyo nje ni nusu ya derivativu ya x² iliyo ndani ya mabano, kwa hiyo unabadilisha kigeu kwa kuweka u = x² na kupata ½ sin(x²) + C, ambapo C ni namba yoyote isiyobadilika. Katika ya pili hakuna kitu ndani ya mabano cha kubadilisha; ni zao la funksheni mbili za aina tofauti, kwa hiyo unatumia njia ya integrali kwa sehemu (integration by parts), kama imo katika mada zako, na jibu ni x sin x + cos x + C. Ya tatu haitatuliki kwa urahisi mpaka kwanza uandike cos²x kama (1 + cos 2x)/2, ndipo upate x/2 + (sin 2x)/4 + C. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini njia tatu zimetofautiana amejifunza zaidi kuliko aliyetatua maswali ishirini ya aina moja mfululizo.

Usifungue majibu mapema. Jipe angalau dakika kumi za kuhangaika na swali, na ukishindwa soma mstari wa kwanza tu wa suluhisho, ulifunge, uendelee mwenyewe. Kusoma suluhisho lote huleta hisia ya kuelewa ambayo hutoweka ukibaki na karatasi tupu.

Hatua ya nne: Weka daftari la makosa

Kila unapokosea, andika sababu badala ya jibu sahihi. Maneno kama "nilikosa umakini" hayasaidii. Andika jambo mahususi, kwa mfano: "niliweka namba kabla ya kutafuta derivativu." Kosa hilo hutokea sana katika maswali ya kasi zinazohusiana. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, na mguu wake unateleza kwenda mbali na ukuta kwa mita 1 kwa sekunde. Ncha ya juu inashuka kwa kasi gani mguu unapokuwa mita 3 kutoka ukutani? Tuite x umbali wa mguu kutoka ukutani na y urefu wa ncha ya juu kutoka chini. Anayeweka 3 mapema anapata y = 4, namba isiyobadilika, na derivativu yake ni 0, kana kwamba ngazi imesimama. Njia sahihi ni kuanza na x² + y² = 25, kutafuta derivativu ya pande zote mbili kwa kufuata wakati, t, ili kupata 2x·dx/dt + 2y·dy/dt = 0, na hapo ndipo uweke x = 3, y = 4 na dx/dt = 1. Jibu ni −3/4, yaani ncha inashuka kwa mita 0.75 kwa sekunde, na alama ya kutoa ndiyo inayoonyesha kwamba urefu unapungua.

Hatua ya tano: Fanya mtihani kamili kwa saa

Katika wiki ya mwisho, fanya angalau mitihani miwili iliyopita kwa kikao kimoja, simu ikiwa imezimwa. Gawa muda kwa alama: mtihani wa dakika 120 wenye alama 100 unalipa swali la alama 10 dakika 12, na ukizipita unaacha nafasi na kuendelea.

Hatua ya sita: Ndani ya chumba cha mtihani

Soma karatasi nzima kwanza na uanze na swali unaloliona njia yake. Ukikwama, andika ulichokitambua: mchoro wenye vigeu vyake, mlinganyo unaoviunganisha, kanuni unayokusudia kuitumia na sharti lake, kwa sababu msahihishaji anaweza kutoa alama kwa kilichoandikwa, lakini hana la kufanya na ukurasa mweupe. Dakika za mwisho zitumie kwa ukaguzi wa haraka: tafuta derivativu ya kila integrali uliyoipata uone kama inarudi kwenye swali, ongeza C ulikoisahau, na katika maswali ya thamani kubwa au ndogo kabisa kwenye kipindi kilichofungwa hakikisha umekokotoa thamani kwenye ncha zote mbili, pamoja na zile za mahali ambapo derivativu ni 0 au haipo.