Kujenga Nyumba Kijijini Isaan kwa Mafundi wa Palepale

Umeoa Isaan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na unataka kujenga kijijini kwao: usimwite fundi kabla hujaona hati ya kiwanja. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Thailand, kwa hiyo kiwanja kitakuwa cha mkeo, na siku ya uhamisho utatia saini kukiri kwamba fedha zilizokinunua ni zake. Hati ya kutafuta ni chanote, ya umiliki kamili, ile yenye Garuda mwekundu juu, yule ndege-mtu wa nembo ya Thailand. Mjomba wa mke akikuletea karatasi ya Sor Por Kor, mshukuru uendelee na mambo mengine: hiyo ni ardhi ya mageuzi ya kilimo, hurithishwa lakini haiuzwi. Wewe mwenyewe omba haki ya kutumia kiwanja maisha yako yote, iandikwe nyuma ya hati. Omba sasa, ndoa ikiwa bado tamu.

Kibali hutolewa na ofisi ya kata, Or Bor Tor. Ramani na nakala ya hati zisikosekane.

Sisi tuko Udon Thani, nyumba zimezungukwa na majaruba, na kila anayejenga hupandisha kiwanja kwa kifusi mpaka kipite usawa wa barabara. Kifusi hicho kiache kinyeshewe msimu mzima, Mei hadi Oktoba, kishuke chenyewe. Hata hapo, mashimo ya msingi yapite kifusi yafike kwenye udongo wa asili. Faida nyingine ya kusubiri ni mafundi wenyewe. Wengi ni wakulima, na mpunga ukiiva Novemba hakuna fedha itakayowaweka kwako. Anza Desemba, wakiwa wametoka shambani na mvua imekata, ila ujue katikati ya Aprili Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, itawatawanya tena.

Mapatano yangu ni ya ufundi tu. Vifaa nanunua mwenyewe. Ukimpa fundi vifaa na ufundi kwa bei moja, atabana kwenye nondo, maana nondo ikishamezwa na zege haionekani tena. Madukani kuna nondo kamili na nondo nyepesi, zimeandikwa unene uleule. Shika muhuri wa kiwango cha serikali uliopigwa kwenye chuma chenyewe, na ukiwa na shaka weka kipande kwenye mzani. Malipo yagawe kwa hatua: msingi, nguzo na bimu, paa, kuta, umaliziaji. Hatua ikaguliwe ndipo ilipwe. Fundi mkuu akiomba ya hatua ijayo kwa sababu pikipiki imeharibika, mkopeshe kidogo kutoka mfukoni, uandike, lakini hesabu ya nyumba usiiguse.

Siku ya kuwapo bila kukosa ni ya zege. Huku nyumba husimama kwa nguzo na bimu. Ukuta ni wa kuziba tu, kwa hiyo nguzo ikiwa mbovu huna nyumba. Kabla lori halijafika, pita kila kizimba cha nondo: ringi, zile nondo nyembamba zinazokizunguka, ziwe zimebanana zaidi karibu na maungio, na biskuti za zege ziwepo chini na pembeni ili chuma kisiguse ubao wala udongo. Zege la lori huagizwa kwa nguvu yake. 240, yaani kilo kwa sentimita ya mraba, ndiyo inayotumika sana nyumba za kawaida. Halafu mtazame kijana mwenye mpira wa maji. Zege zito linachosha mikono, naye atataka kulilainisha kwa maji, na maji hulipunguzia nguvu. Simama karibu naye, mpe sigara kama unazo, maji yasiingie. Siku zinazofuata maji ndiyo yanatakiwa: funika magunia na umwagilie wiki nzima.

Nguzo ya kwanza ina sherehe yake. Hufungwa miche ya mgomba na miwa pamoja na vitambaa vya rangi, na siku huchaguliwa kwa kumuuliza mtawa au mzee anayejua. Kwa hiyo usiagize lori kabla mama mkwe hajakupa tarehe.

Kabla ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, laza mabomba ya dawa ya mchwa chini yake. Kuta za magharibi zijenge kwa tofali nyeupe nyepesi, zenye vitundu vya hewa ndani. Zile nyekundu ndogo hushika joto la jioni mpaka usiku wa manane.

Umeme ndio nisiowaachia. Utakuta soketi ya matundu matatu, nyuma yake nyaya mbili. Ng'oa kifuniko kimoja kimoja ujionee kama waya wa ethi upo, na kwamba unafika kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Hita ya bafuni bila ethi wala kikata umeme cha kuvuja, mimi siogi.

Kila asubuhi ndoo ya barafu ya maji ya kunywa iwepo saiti. Ni desturi, na ikikosekana utaiona kwenye plasta. Jioni wakinywa pombe yao ya mpunga, onja kidogo au keti nao tu. Hapo ndipo utasikia fundi gani anahama wiki ijayo.

Nyumba ikiisha, nenda ofisi ya wilaya upate namba na kitabu cha nyumba, kile kinachoandikisha wakazi wake. Cha buluu ni cha mkeo. Wewe unaomba cha njano. Ukishakuwa na kitabu, peleka nakala shirika la umeme la mikoani wakubadilishie mita ya muda uliyojengea, maana uniti zake ni ghali.